Kabla ya Kukiri: Wakili wa Uhamiaji na Jinai, Anavyopatikana na Anavyopimwa

Mada kwa wasaidizi wa kisheria na watendaji wa vijiji, Mkula, Kilombero



Waandaaji walinipa swali fupi: wakili wa kesi za uhamiaji na jinai ni mtu wa namna gani, na mwananchi wa Mkula atamjuaje aliye sahihi? Swali hili linaunganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayatenganisha. Vyeti vya wakili husifiwa siku ya kuapishwa kwake. Kazi yake husemwa kwenye korido ya mahakama, tena mara nyingi akishashindwa. Hoja yangu leo ni kwamba vyote viwili hukutana katika dakika moja, pale shtaka linapokwisha kusomwa na hakimu anaponyanyua kalamu kusubiri jibu la mshtakiwa. Elimu ya wakili ina thamani kubwa kuliko yote ikimfikia mteja kabla ya jibu hilo. Ikifika baada yake bado inafaa, ila itabidi ipite njia ndefu ya rufaa, na mteja yuko ndani.

Kwa nini tuyaseme haya Mkula

Anayedhani uhamiaji ni mambo ya Namanga, Kasumulu na viwanja vya ndege hajakaa barabarani hapa msimu wa miwa. Mashamba ya kiwanda cha Kidatu na ya wakulima walio nje ya kiwanda huvuta vijana wa kukata miwa kutoka mikoa mingi. Wako wa mikoa ya mpakani ambao lafudhi yao peke yake huwaletea maswali ya uraia, wakati nyumbani waliacha vyeti, au hawajawahi kuwa navyo. Reli ya TAZARA inapita bondeni ikitoka Zambia. Ifakara nako kuna wageni wa muda mrefu: maabara iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957 ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na wamisionari wamekuwapo kabla ya hapo.

Wageni hawa wa mwisho hawaonekani kama watu wa kesi, lakini nao wana jinai yao inayowanyemelea. Mgeni anaishi nchini kwa kibali cha ukaazi: daraja A kwa mwekezaji, daraja B kwa mwajiriwa, daraja C kwa makundi kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Tangu sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, anayeajiriwa anahitaji pia kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Ni ofisi mbili, zenye karatasi mbili na tarehe mbili za kwisha muda. Karatasi moja ikilala, daktari aliyekuwa akiheshimiwa asubuhi anaweza kuwa mtuhumiwa jioni.

Kuna pia wale wa barabara kuu. Kwa miaka mingi vijana wa Ethiopia wamekuwa wakipitishwa nchini kwa malori kuelekea Afrika Kusini, na mkoa wetu wa Morogoro uko njiani. Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Sheria ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu ya mwaka 2008 inamtazama mtu wa namna hiyo kama mwathirika. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inamtazama kama mkosaji. Atashikwa kwa sheria ipi? Mara nyingi hutegemea nani amefika kwanza kituoni kumsemea.

Na nyuma yetu uko mlima. Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992, na tangu 2011 hata kuokota kuni ndani yake kumezuiwa. Kwa hiyo jinai ya Mkula ina harufu yake: kuni, mbao, mnyama aliyenaswa. Nitairudia.

Njia ya kuufikia uwakili

Hapa nitapita haraka. Mtu huanza na shahada ya sheria. Zamani vijana wetu walikwenda nje kuitafuta, hadi Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilipofunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria. Darasa halikufika wanafunzi 20, na mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Leo mtoto wa Kilombero hahitaji kwenda mbali: Chuo Kikuu Mzumbe kiko mkoani kwetu, na si peke yake kinachofundisha sheria hapa Morogoro.

Shahada inakupa jina la mwanasheria. Haikupi ruhusa ya kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu. Kwa hilo unakwenda Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo wote tunaiita Law School. Ni mlango mwembamba. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumza matokeo yake: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine waliilaumu taasisi, wengine vyuo vinavyoipelekea wanafunzi, wengine wakasema tatizo ni Kiingereza. Mimi nina maoni yangu, ila kwa leo inatosha kujua kwamba mtu aliyevuka pale amepimwa, na kwamba huku vijijini kuna wengi wenye shahada ambao hawajavuka. Si dhambi. Dhambi ni kujiita wakili.

Akivuka, anaomba kwa Jaji Mkuu, anahojiwa, anaapishwa na kuandikwa kwenye orodha ya mawakili kwa namba yake. Kisha anakuwa mwanachama wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, TLS, kilichokuwapo tangu 1954, na kila mwaka anahuisha leseni yake. Zanzibar ina orodha yake na chama chake, ingawa uhamiaji wenyewe ni jambo la Muungano.

Kumtambua aliye sahihi

Kishoka, yaani anayejifanya wakili, ana mhuri, ana suti, ana mkoba, na mara nyingi ana maneno mengi kuliko wakili. Kitu asichokuwa nacho ni namba kwenye orodha. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili, ambapo ukiandika jina la mtu unaona kama ni wakili na kama leseni yake iko hai. Naomba kila msaidizi wa kisheria aliyeko hapa ajifunze kuutumia kwa simu yake kabla hatujaenda kula. Uliza pia risiti. Wakili wa kweli hakwaziki akiulizwa risiti.

Orodha yenyewe si ya milele. Kamati ya Mawakili inaweza kumsimamisha wakili au kumfuta, na Mahakama Kuu inaweza kuurekebisha uamuzi huo. Fatma Karume, aliyekuwa Rais wa TLS, alifutwa kwenye orodha ya Tanzania Bara Septemba 2020, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani. Angalia hali yake ya sasa.

Sasa kitu kinachowashangaza wengi: kwetu hakuna cheti cha ubingwa wa uhamiaji wala wa jinai. Wakili aliyeandikwa orodhani anaweza leo kusimamia mirathi ya shamba la mpunga, kesho kesi ya mauaji, keshokutwa mgeni asiye na kibali. Uingereza wameweka utaratibu tofauti: tangu sheria yao ya mwaka 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa na sifa zinazotambuliwa ni kosa la jinai. Marekani baadhi ya majimbo, kama California na Texas, humpa wakili hadhi ya bingwa wa uhamiaji baada ya kumpima tena. Ndugu zetu walioko huko wanalijua hilo kwa gharama. Hapa kwetu, kazi ya kumpima imeachiwa mteja. Mteja wa Mkula ampimeje? Amuulize maswali matatu ya kawaida kabisa: umewahi kusimamia kesi ya uhamiaji katika mahakama gani, nikikiri kosa hili Uhamiaji watanifanya nini baadaye, na nani atatafsiri? Anayejibu la kwanza kwa kujisifu na la pili kwa kusema "usijali," mwachie nauli yake aende.

Nasema hivyo nikikumbuka kesi ya Marekani ambayo kila wakili wa fani hii anapaswa kuijua. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa ameishi Marekani kihalali kwa takriban miaka 40, na alipigana upande wa nchi hiyo katika vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky akiendesha lori lenye bangi. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi na mambo ya uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri. Kukiri huko kukafanya kufukuzwa nchini kuwe karibu jambo la lazima. Machi 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili wa jinai asiyemweleza mteja mgeni hatari ya kufukuzwa nchini hakumtetea inavyotakiwa. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini imeeleza vizuri kuliko maelezo yangu kwa nini fani hizi mbili hukaa katika kichwa kimoja.

Dakika ya jibu

Nimefika kwenye moyo wa mada, na hapa naomba mniruhusu niende polepole.

Kesi nyingi za uhamiaji katika mahakama zetu za wilaya haziishi kwa ushahidi. Zinaisha kwa kukiri. Mtu amelala mahabusu, amechoka, anaambiwa na wenzake, wakati mwingine na watu wenye sare, "kiri yaishe." Anasimama kizimbani, shtaka linasomwa, anatikisa kichwa, na kabla ya saa sita mchana ana faini au kifungo, na mbele ya kifungo kuna kurudishwa kwao.

Sheria haikukusudia iwe rahisi hivyo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika rufaa ya Adan dhidi ya Jamhuri iliyotoka Kenya, iliweka hatua ambazo mahakama zetu zinazifuata hadi leo. Shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akionekana kukiri, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea. Kisha mshtakiwa aulizwe kama anayakubali au ana la kusahihisha. Akileta jambo linalotia shaka, jibu lake libadilishwe liwe la kukana na kesi isikilizwe. Ni baada ya hayo yote ndipo anatiwa hatiani.

Tazameni kijana wa Oromo asiyejua Kiswahili wala Kiingereza akipitia hatua hizo. Nani anafafanua? Mara nyingine ni mwenzake wa kwenye lori anayejua Kiswahili cha kuombea maji. Wakili aliye makini haanzi na hoja ndefu za katiba. Anasimama na kusema: Mheshimiwa, tunaomba mkalimani, tena jina lake na lugha yake viingie kwenye mwenendo wa kesi. Sentensi hiyo fupi inaweza kubeba kesi nzima, kwa sababu mwenendo wa kesi ndio utakaosomwa na jaji wa rufaa.

Ukishakiri, mlango wa rufaa unabaki wazi kidogo tu. Kesi ya Laurence Mpinga ya mwaka 1983 imeorodhesha nyufa zake: kwamba jibu halikuwa kamili au lilikuwa na utata, kwamba mtu alikiri kwa kukosea au kutoelewa, kwamba shtaka lenyewe halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au kwamba hata mambo aliyoyakubali hayatoshi kumtia hatiani. Wakili anayekuja baada ya hukumu anafanya kazi ndani ya nyufa hizo tu.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya zaidi. Mtanzania anaweza kukiri kuwa si Mtanzania. Kijana wa kukata miwa anaambiwa akikubali kosa atalipa faini na kurudi kazini. Akikubali, ameacha nyuma yake jalada la mahakama linalosema yeye ni mgeni, na jalada hilo halitasahau hata yeye akisahau. Wakili wa jinai peke yake ataiona faini ndogo na kufurahi. Anayejua pande zote mbili atamzuia asijibu hadi mjomba wake apatikane kwa simu.

Uraia unapoulizwa

Msidhani maswali ya uraia huwapata wasio na jina tu. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alipokamatwa, habari za kwanza zilikuwa za kuchunguzwa uraia wake. Siku chache baadaye alifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya utakatishaji fedha, kukwepa kodi na kujihusisha na genge la uhalifu, akakaa rumande hadi Februari 2020 alipotoka kwa makubaliano ya kukiri. Swali la uhamiaji likawa jalada la jinai ndani ya wiki moja. Wakili aliyejiandaa kwa moja tu angekutwa mikono mitupu.

Kesi iliyo karibu zaidi na watu wetu ni ya Anudo Ochieng Anudo. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa yake. Pasi yake ya kusafiria ikashikiliwa, uraia wake ukatiliwa shaka, na mwaka 2014 akapelekwa Kenya. Kenya nao wakamtia hatiani kwa kuwa nchini mwao bila kibali, wakamrudisha. Akabaki katikati ya mpaka, mahali pasipo pa nchi yoyote. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema haki zake zilivunjwa. Hoja iliyonivutia ni hii: kwa kuwa alikuwa na nyaraka zilizotolewa na Serikali yenyewe, mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia uliihamia Serikali, na kama ubishi ulikuwa juu ya wazazi wake, kipimo cha vinasaba kilikuwapo.

Kwa mtendaji wa kijiji maana yake iko wazi. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi, barua yako yenye mhuri, hivyo ndivyo vinavyouhamisha mzigo. Wakili hawezi kuvitengeneza. Anavikuta au havikuti.

Kwa mgeni wa kweli, uliza mapema kama anataka ubalozi wake ujulishwe. Ni haki yake chini ya mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Lakini uliza, usipige simu kwanza: kama amewakimbia wakuu wa nchi yake, simu hiyo inaweza kumdhuru. Mtu wa namna hiyo ana njia nyingine, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inayomtaka ajisalimishe kwa mamlaka ndani ya siku 7 za kuingia. Siku 7 ni chache kwa mtu aliyefichwa ndani ya lori.

Jinai ya mlimani

Niliahidi kuurudia mlima. Kesi za nyara za serikali huingia kwenye sheria ya uhujumu uchumi, ambako hata mahakama ya wilaya kuisikiliza kesi hutegemea kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na ambako adhabu huhesabiwa kwa miongo. Kielelezo huwa nyama, na nyama huoza. Kwa hiyo polisi humwendea hakimu kuomba iteketezwe, na karatasi ya uteketezaji ndiyo inayoletwa baadaye kama ushahidi. Mwaka 2019, katika rufaa ya Mohamed Juma Mpakama, Mahakama ya Rufani ilisema mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu huyo na asikilizwe kabla ya amri kutolewa. Kama hakusikilizwa, karatasi ile haina nguvu dhidi yake. Muulize wakili anayedai ni mtu wa jinai kama anaijua kesi hii. Kwa wilaya inayopakana na hifadhi, kutoijua ni aibu.

Mpaka wa kazi yenu

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua ninyi wasaidizi wa kisheria. Haiwaruhusu kusimama mahakamani kama mawakili, wala kutoza ada. Lakini sheria hiyohiyo inampa hakimu uwezo wa kuthibitisha kwamba mshtakiwa asiye na uwezo anahitaji wakili kwa ajili ya haki kutendeka. Hakimu hawezi kuthibitisha asichokijua. Anayeweza kumjulisha mapema, kwa barua ya nusu ukurasa kupitia kwa karani wa Mahakama ya Wilaya pale Ifakara, ni ninyi. Barua itaje jina la mshtakiwa, lugha anayoielewa, tarehe aliyokamatwa, na kwamba hajajibu shtaka.

Nimemaliza upande wangu. Kwa mjadala wa baada ya chakula naomba tuanze na jambo ambalo sikulipatia jibu la kuniridhisha: Kilombero tutawapata wapi wakalimani wa Kiamhari na Kioromo, na nani atawalipa nauli ya kufika Ifakara saa mbili asubuhi?